Bomba la mafuta linapopanda mlima: namna ya kuhesabu mwinuko katika jaribio la presha kwa maji

Mafuta yanayosukumwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola katika bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, huanza safari yake karibu na usawa wa bahari na kupita katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ambako ardhi iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Bomba la Mombasa hadi Nairobi nalo hupanda zaidi ya mita 1,600. Lile la EACOP, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi pwani ya Tanzania, lenye kilomita 1,443, linafanya kinyume: linaanzia Kabaale wilayani Hoima, juu ya mita 1,000, na kushuka hadi Chongoleani, Tanga. Katika nchi zenye umbo la namna hii, mhandisi anayejaribu bomba kwa maji, yaani kulijaza maji na kuyapandisha presha kuliko ile ya kazini ili kuona kama litahimili, bila kuhesabu mwinuko hajui amejaribu nini. Mwongozo huu unaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano mmoja utakaotumika tangu mwanzo hadi mwisho. Vitabu vya fizikia vya shule husema kanieneo. Hapa nitasema presha, kwa kuwa ndilo neno la kazini, nami nitaipima kwa kipimo kiitwacho bar.

Kanuni yenyewe ni fupi. Maji safi yaliyotulia ndani ya bomba huongeza presha ya bar 0.0981 kwa kila mita moja tunayoshuka, na hupunguza kiasi hichohicho kwa kila mita tunayopanda, hivyo mita 100 za mwinuko ni karibu bar 9.8. Urefu wa bomba na upana wake haviingii katika hesabu. Kinachohesabiwa ni tofauti ya wima peke yake. Geji, yaani kifaa cha kupimia presha, iliyofungwa kwenye ncha ya kipande (sehemu ya bomba inayojaribiwa kwa mkupuo mmoja) inasoma presha ya pale ilipofungwa, na kila mahali pengine kwenye kipande hichohicho pana presha yake. Mahali pa juu kabisa hupata presha ndogo kuliko kwingine kote, kwa hiyo ndipo panapoamua kama jaribio limetosha. Mahali pa chini kabisa hubeba presha kubwa kuliko kwingine kote, kwa hiyo ndipo panapoamua kama jaribio ni salama.

Niliwahi kukabidhiwa ripoti ya jaribio ambayo mchoro wake wa presha ulikuwa mstari mnyoofu wa saa nane, sahihi zote zikiwa mahali pake, lakini haikuandikwa popote geji ilikuwa kwenye mwinuko upi. Kazi ya wiki kadhaa na maji ya mto mzima yalikuwa yametumika, na bado hakuna aliyeweza kusema kiungo kilichoko juu ya kilima kilijaribiwa kwa bar ngapi. Ndiyo sababu naanza na ramani, si na pampu.

Hatua ya kwanza: pata mchoro wa mwinuko wa bomba lenyewe

Unachohitaji ni mwinuko wa bomba, wala si wa ardhi iliyo juu yake. Katika tambarare tofauti hiyo huwa ni mita moja au mbili na haina madhara, lakini bomba linapovuka mto kwa kuchimbiwa chini ya sakafu ya maji linaweza kuwa mita kumi au zaidi chini ya uso wa ardhi, na mara nyingi hapo ndipo mahali pa chini kabisa pa kipande kizima. Usitosheke na mwinuko wa ncha mbili. Kilele na bonde vinaweza kuwa katikati, mahali ambapo hakuna geji na hakuna mtu. Mpimaji ardhi akupe orodha ya umbali na mwinuko kwa kila badiliko la mteremko, kila kivuko, kila vali na kila mahali unene wa ukuta wa bomba unapobadilika.

Kifaa cha mkononi cha GPS hakifai kwa kazi hii, kwa sababu makosa yake ya wima yanaweza kufika mita kadhaa, na kosa la mita 10 ni karibu bar moja. Hakikisha pia kwamba miinuko yote imefungwa kwenye alama moja ya msingi, yaani inapimwa kuanzia mahali pamoja, hasa pale ambapo bomba linavuka mpaka wa nchi na kila upande una wapimaji wake.

Kipande chetu cha mfano kina urefu wa kilomita 38. Kinaanzia A, mita 412 juu ya bahari. Kinashuka hadi mita 371 chini ya mto. Kinapanda hadi kilele cha mita 598. Kisha kinashuka kidogo na kuishia B, mita 540. Tofauti kati ya kilele na mto ni mita 227, sawa na bar 22.27 za maji.

Hatua ya pili: weka mpaka wa chini na mpaka wa juu

Mpaka wa chini hutokana na presha ya juu ya uendeshaji, yaani ile ambayo bomba halitaruhusiwa kuivuka likiwa kazini. Kiwango cha ASME B31.4, cha chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ambacho miradi mingi ya mabomba ya vimiminika hukifuata, hudai kwamba jaribio lifike angalau mara 1.25 ya presha ya ndani ya usanifu katika kila mahali pa bomba. Kanuni za shirikisho za Marekani, 49 CFR sehemu ya 195, zinadai asilimia 125 ya presha ya juu ya uendeshaji kwa saa 4 mfululizo, na kwa bomba lisiloweza kukaguliwa kwa macho wakati wa jaribio, saa 4 zaidi kwa angalau asilimia 110. Mradi wako unaweza kuwa chini ya kanuni nyingine. Soma mkataba na uulize mamlaka ya nchi kabla ya kuandika namba yoyote. Katika mfano wetu presha ya juu ya uendeshaji ni bar 100, kwa hiyo kila mahali panatakiwa kupata bar 125 au zaidi.

Mpaka wa juu hutokana na chuma. Bomba la mfano lina kipenyo cha nje cha milimita 355.6, yaani inchi 14, ukuta wa milimita 7.9, na chuma cha daraja la L360, ambacho kikomo chake cha kunyumbuka ni MPa 360. Kikomo hicho ni mkazo ambao chuma kikiuvuka hakirudi tena katika umbo lake la awali. Zidisha 2 kwa 360 kwa 7.9, kisha gawanya kwa 355.6, nawe utapata MPa 16, sawa na bar 160. Tukikubaliana na mwenye bomba kwamba mkazo usivuke asilimia 95 ya kikomo, mpaka wa juu unakuwa bar 152. Kabla ya kuukubali, tazama viungo na vali zilizomo ndani ya kipande. Flanji, yaani pete za kuunganishia bomba kwa bolti, za chuma cha kaboni za daraja la 600 hufanya kazi hadi bar 102.1 katika joto la kawaida, na jaribio lake ni mara moja na nusu ya hapo, karibu bar 153, kwa hiyo bar 152 bado zinapita. Kama ingekuwemo flanji ya daraja dogo zaidi, hiyo ndiyo ingetawala, na ushauri wangu ni kuitoa na kuijaribu peke yake kuliko kushusha jaribio la kilomita 38 kwa ajili ya kiungo kimoja.

Hatua ya tatu: hamishia mipaka hiyo kwenye geji

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya kati ya kuongeza na kutoa. Jiulize swali moja kila mara: je, geji iko chini ya mahali ninapopataka au juu yake? Ikiwa chini, geji itasoma presha kubwa kuliko ya mahali hapo. Ikiwa juu, itasoma ndogo.

Tuifunge geji kwenye A, mita 412. Kilele kiko mita 186 juu yake, sawa na bar 18.25. Ili kilele kipate bar 125, geji lazima isome angalau bar 143.25. Mto uko mita 41 chini ya A, sawa na bar 4.02. Ili bomba chini ya mto lisivuke bar 152, geji isivuke bar 147.98. Dirisha letu basi ni kutoka bar 143.25 hadi 147.98, upana wa bar 4.7 tu. Ukihamishia geji B, dirisha litasomeka bar 130.69 hadi 135.42: namba zimebadilika, upana ni uleule, na hii ni njia nzuri ya kukagua hesabu yako, kwa sababu upana usipolingana umekosea mahali fulani.

Angalia kinachotokea kwa mtu asiyefanya hesabu hii. Akipandisha geji ya A hadi bar 125 na kuridhika, kilele kimepata bar 106.75 tu, na bomba lile kwa haki haliwezi kupewa presha ya uendeshaji zaidi ya bar 85.4 pale juu, ingawa ripoti itasema 100. Akikosea upande wa pili na kupandisha A hadi bar 152, bomba chini ya mto limefikishwa bar 156, asilimia 97.5 ya kikomo cha kunyumbuka, na flanji yoyote iliyoko huko imevushwa kipimo chake. Kosa la kwanza halionekani siku ile. Huonekana miaka mingi baadaye.

Hatua ya nne: dirisha likifunga, gawa kipande

Toa mpaka wa chini katika mpaka wa juu, punguza bar mbili kwa ajili ya makosa ya vipimo na mabadiliko ya joto, kisha gawanya kwa 0.0981. Kwa bomba letu ni 27 kutoa 2, yaani 25, ambayo ni mita 255 za mwinuko. Kipande chochote chenye tofauti kubwa kuliko hiyo hakiwezi kujaribiwa kwa mkupuo mmoja. Kwa bomba kama hili, kupanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 kungedai vipande visivyopungua saba kwa sababu ya mwinuko peke yake, hata kama umbali na upatikanaji wa maji vingeruhusu vipande virefu zaidi. Usanifu unapotumia chuma hadi mwisho wa uwezo wake dirisha huwa dogo zaidi: bomba hilihili likipewa presha ya uendeshaji ya bar 115, ambayo ni asilimia 72 ya kikomo, jaribio la kilele litataka bar 143.75, na hadi 152 zimebaki bar 8.25, zinazotosha mita 84 tu hata bila kuacha akiba yoyote. Anayesanifu bomba la milimani na afikirie siku ya jaribio mapema, wakati kuongeza milimita moja ya ukuta bondeni bado ni kazi ya kalamu.

Ukuta mnene una hesabu yake. Mara nyingi bomba chini ya mto huwa nene kuliko kwingine. Likiwa na milimita 9.5, kikomo chake ni bar 192, na mahali panapotawala hapako tena chini ya mto bali ni pale pa chini kabisa penye ukuta wa milimita 7.9. Kwa hiyo kila unene utafutiwe mahali pake pa chini kabisa, na kila kimoja kikaguliwe peke yake.

Ipo pia njia ya kupunguza ukali wa mpaka wa chini, nami nataka kukaa hapa kidogo kwa sababu hutumiwa vibaya. Bomba likiwa kazini, kilele hakipati presha sawa na bonde, kwa kuwa mafuta nayo yana uzito. Dizeli yenye densiti ya kilo 840 kwa mita ya ujazo hupunguza bar 0.0824 kwa kila mita ya kupanda. Ikiwa bar 100 ni presha ya mahali pa chini kabisa vali zikiwa zimefungwa, kilele cha mita 227 juu yake kitapata bar 81.3, na mara 1.25 yake ni 101.6. Jaribio la maji lenye bar 125 bondeni hukipa kilele bar 102.7, kwa hiyo linatosha. Lakini bomba hilohilo likipitisha petroli ya densiti 740, kilele kitapata bar 83.5 kazini na kudai 104.4, ilhali bar 102.7 za jaribio ni zilezile. Halitoshi. Ukizidisha densiti ya kimiminika kwa 1.25 na jibu likawa chini ya 1,000, jaribio lililopimwa bondeni peke yake haliwezi kulinda kilele; mpaka uko kwenye densiti ya 800. Bomba linalopokezana petroli, dizeli na mafuta ya ndege lihesabiwe kwa petroli. Hesabu hii pia inahusu kimiminika kilichotulia. Pampu zinapofanya kazi, presha karibu na stesheni ya pampu inaweza kuzidi ile ya utulivu, kwa hiyo chora hali zote za uendeshaji na uchukue iliyo kubwa katika kila mahali. Kama mchoro huo haupo, baki na bar 125 kila mahali.

Hatua ya tano: jaza kutoka chini kwenda juu

Maji yaingizwe kutoka ncha ya chini nyuma ya pigi, ile plagi ya mpira inayosukumwa ndani ya bomba, ili hewa isukumwe mbele kuelekea juu. Katika kipande chetu hilo haliepushi mteremko: kutoka A hadi mtoni, na kutoka kileleni hadi B, maji yatashuka. Pigi likianza kuteremka, uzito wa maji yaliyo nyuma yake hulisukuma kwa kasi kuliko pampu inavyoleta maji, safu ya maji hukatika, na utupu pamoja na mifuko ya hewa hubaki kileleni. Dawa yake ni kubana hewa iliyo mbele ya pigi na kuiachia kidogo kidogo kupitia vali ya B, ili pigi liendelee kushikiliwa. Presha hiyo ya kuzuia ihesabiwe kutokana na kimo cha mteremko: kutoka mita 598 hadi 540 ni mita 58, karibu bar 5.7, pamoja na akiba.

Pima densiti ya maji yenyewe. Maji ya bahari, yenye densiti ya karibu 1,025, huongeza bar 0.1006 kwa mita badala ya 0.0981, na kwa mita 227 tofauti ni zaidi ya nusu bar, katika dirisha lenye bar 4.7 tu.

Hatua ya sita: pandisha presha, kisha subiri

Baada ya kujaza, geji ya A lazima isome zaidi ya bar 18.25 kabla kilele hakijapata presha yoyote. Chini ya hapo kileleni pana utupu, hata kama geji inaonyesha namba ya kuridhisha. Pandisha kwa awamu, andika ujazo wa maji yanayoongezwa kwa kila bar, na uchore: mstari ukipinda mwanzoni ujue hewa imo, na itoe kabla hujaendelea. Watu wote wakae mbali na bomba lililo wazi, na mbali zaidi bondeni, kwa sababu huko ndiko mkazo uliko.

Kwa mfano wetu ningelenga bar 146 kwenye A: kilele kitapata bar 127.75 na mto bar 150. Ningeweka pia geji ya pili B. Ikiwa A inasoma 146, B iliyoko mita 128 juu yake inapaswa kusoma karibu bar 133.4. Zisipolingana, ama geji moja ni mbovu, ama miinuko si sahihi, ama kuna hewa katikati, nawe usianze kuhesabu saa mpaka sababu ijulikane.

Joto ndilo linalowasumbua wengi usiku. Katika bomba la ukubwa huu lililofukiwa, maji ya nyuzi 20 yakipoa kwa nyuzi moja presha hushuka karibu bar 2.8, bila tone kuvuja. Joto la udongo wa pwani na la udongo wa nyanda za juu hutofautiana sana, kwa hiyo kipande chenye mwinuko mkubwa kiwekewe vipima joto chini na juu, na maji yaachwe yafikie joto la udongo kabla ya jaribio kuanza.

Hatua ya saba: shusha presha bila kukivuta kilele

Fungua vali polepole na usimame A ikifika bar 20 hivi. Ukiendelea kumwaga maji kutoka chini huku kileleni hakuna vali ya hewa iliyofunguliwa, safu ya maji itajivuta na kukatika, na bomba jembamba au mpira wa vali unaweza kuharibika kwa kufyonzwa. Ruhusu hewa iingie juu kwanza, kisha ondoa maji kwa pigi, yakielekezwa mahali palipopata kibali cha mazingira, kwa kasi isiyochimba udongo wa shamba la mtu.

Hatua ya nane: andika kwa namna ambayo mwingine anaweza kukokotoa upya

Kanuni za Marekani nilizozitaja zinadai mchoro wa mwinuko wa kipande kizima katika kumbukumbu za jaribio pale tofauti inapovuka mita 30, na naona ni vizuri kuuweka hata pasipo na anayeudai. Ripoti yako itaje mwinuko wa kila geji, alama ya msingi iliyotumika, densiti na joto la maji, na ubao wa mahali kwa mahali unaoonyesha umbali, mwinuko, unene wa ukuta, presha ndogo kabisa iliyopatikana wakati wa saa za kusubiri, asilimia ya kikomo cha kunyumbuka, na presha ya uendeshaji inayoruhusiwa pale, ambayo ni presha ndogo hiyo igawanywe kwa 1.25. Ikiwa geji ya A ilishuka hadi bar 144.9 saa kumi usiku kwa sababu ya baridi, kilele kihesabiwe kwa 144.9, si kwa 146 za mwanzo: ni bar 126.65, na presha ya uendeshaji inayothibitishwa kileleni ni bar 101.3.

Ubao huo ubaki pamoja na faili la bomba kwa maisha yake yote. Siku kimiminika kitakapobadilishwa, kama TAZAMA ilivyobadilishwa kutoka mafuta ghafi kwenda dizeli mwaka 2023, mhandisi atakayekuwepo atahitaji kujua kila kilele kilijaribiwa kwa bar ngapi.